Mawe ya Homa Bay na swali la sayansi: Je, kipimo kikirudiwa jibu litakuwa lile lile?

MWEZI Agosti 2025, jarida la Science Advances lilichapisha matokeo ya utafiti kuhusu zana 401 za mawe zilizofukuliwa Nyayanga, kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay. Watafiti walisema kuwa zamadamu waliozitengeneza zana hizo, zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita, walikuwa wakibeba mawe kutoka umbali wa hadi kilomita 13.

Habari ya aina hiyo huvuma kwa siku chache kisha ikasahauliwa. Hata hivyo, nyuma ya tarakimu hiyo moja, kilomita 13, kuna swali linalowashughulisha wanasayansi wa malighafi kote ulimwenguni: mtu mwingine akiyachukua mawe hayo hayo, akayapima katika maabara nyingine, atapata jibu hilo hilo?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika rasi ya Homa. Mnamo 1935, kilomita chache tu kutoka Nyayanga, mtafiti mashuhuri alishindwa kumwonyesha mwenzake mahali alipookota ushahidi wake, na tukio hilo likaacha doa lililochukua miongo mingi kufutika. Tangu wakati huo, eneo hilo limekuwa kama darasa la namna utafiti unavyoharibika na namna unavyotengenezwa upya.

Maana ya kurudiwa kwa matokeo

Wataalamu wa vipimo hutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa.

La kwanza ni pale mpimaji yule yule, kwa chombo kile kile na katika maabara ile ile, anapopima sampuli moja mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Majibu yakikaribiana, kipimo chake kimetulia. La pili ni gumu zaidi. Sampuli ya aina hiyo hupelekwa kwa mpimaji mwingine, mwenye chombo kingine, katika maabara nyingine. Majibu yakikaribiana hapo pia, ndipo inaposemwa kuwa matokeo yanarudiwa. Tofauti hii imewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5725.

Mwaka 2019, Akademia za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani ziliongeza mgawanyo mwingine katika ripoti yao: kuna kurudia hesabu kwa kutumia data zile zile za mtafiti wa awali, na kuna kufanya utafiti upya kwa kukusanya data mpya. Jambo la kwanza hupima uaminifu wa hesabu. La pili hupima kama jambo lenyewe lipo kweli.

Tatizo si dogo. Mwaka 2016, jarida la Nature liliwauliza watafiti 1,576 wa fani mbalimbali kuhusu suala hili. Zaidi ya asilimia 70 walisema wamewahi kujaribu kurudia jaribio la mwanasayansi mwingine wakashindwa, na zaidi ya nusu walisema wamewahi kushindwa kurudia jaribio lao wenyewe.

Kisa cha Kanam na Kanjera

Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, alikuwa kijana mwenye jina linalopanda alipofika rasi ya Homa mwaka 1932. Mwezi Machi mwaka huo, msaidizi wake Juma Gitau aliokota kipande cha mfupa wa taya la binadamu huko Kanam. Huko Kanjera, upande wa kaskazini wa rasi, vilipatikana vipande vya mafuvu ya binadamu. Leakey alisadiki kuwa mabaki hayo yalikuwa ya zama moja na mifupa ya wanyama wa kale sana iliyokuwa katika tabaka za mahali hapo. Kama ingekuwa hivyo, binadamu mwenye umbo la kisasa angekuwa ameishi Afrika Mashariki mapema kuliko ilivyodhaniwa na yeyote wakati huo.

Mkutano wa wataalamu uliofanyika Cambridge mwaka 1933 uliyapokea madai hayo kwa pongezi. Lakini Percy Boswell, profesa wa jiolojia wa Chuo cha Imperial mjini London, hakuridhika. Alitaka kuziona tabaka zenyewe kwa macho yake, na mwanzoni mwa 1935 alifika Nyanza.

Kilichotokea ni aibu inayosimuliwa hadi leo. Leakey alikuwa ameweka vigingi vya chuma kuonyesha mahali mabaki yalipopatikana. Vigingi havikuwapo tena. Inasimuliwa kuwa wakazi wa eneo hilo walivichukua, kwa kuwa chuma kilikuwa na kazi nzuri zaidi kwao katika uvuvi. Mvua nazo zilikuwa zimemomonyoa makorongo na kubadilisha sura ya ardhi. Hakukuwa na ramani ya kina. Picha za Leakey mwenyewe ziliharibika kwa hitilafu ya kamera, na picha aliyoitumia badala yake ilibainika kuwa ya mahali pengine.

Machi 1935, Boswell alichapisha barua katika jarida la Nature akieleza kuwa mahali mabaki yalipotoka hapangeweza kuthibitishwa. Hakudai kwamba Leakey amedanganya. Alichosema kiliumiza zaidi katika sayansi: kwamba hakuna njia ya kujua.

Leakey alijitetea mwaka 1936, lakini heshima yake Cambridge ilikuwa imepata pigo. Ilimlazimu kusubiri hadi Julai 1959, wakati mkewe Mary alipopata fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, ndipo jina lake lilipong'aa tena duniani kote.

Makosa yaliyotajwa na Boswell hayakuwa ya nadharia bali ya kumbukumbu: alama isiyodumu, ramani isiyokuwapo, picha isiyo na maelezo sahihi. Katika maabara ya kisasa ya malighafi makosa hayo yana ndugu zake: chupa ya kemikali isiyoandikwa ilikotoka, tanuri ambalo joto lake halikupimwa, faili ya kompyuta iliyopotea na mwanafunzi aliyehitimu.

Mifupa yapimwa upya

Suala la Kanjera halikufungwa kwa mabishano. Lilifungwa kwa kupima. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti Thomas Plummer na Richard Potts walirejea huko, wakachora tabaka upya na kuokota vielelezo vipya.

Mwaka 1994, Plummer, Kinyua na Potts walichapisha utafiti uliotumia eksirei kupima elementi zilizomo ndani ya mifupa. Msingi wake ni rahisi kueleweka. Mfupa uliozikwa hunyonya elementi kutoka kwenye udongo unaouzunguka. Mifupa iliyolala katika tabaka moja kwa muda mrefu hupata mchanganyiko unaofanana wa elementi, na iliyozikwa katika udongo tofauti au baadaye sana hupata mchanganyiko mwingine. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza mfupa wenyewe ulitoka wapi, hata kama kigingi kimepotea.

Uchunguzi huo, pamoja na kazi ya tabaka iliyochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa mabaki ya binadamu wa Kanjera si ya zama moja na wanyama wa kale waliopatikana hapo. Ni ya wakati wa karibu zaidi. Boswell alikuwa na haki ya kutilia shaka, na shaka yake ilijibiwa baada ya takriban miaka 60 kwa njia ambayo mtu yeyote mwenye mashine na sampuli anaweza kuirudia.

Mawe yalitoka wapi?

Kazi ya baadaye ilihamia kwenye mawe. Kanjera Kusini ni mahali penye zana za aina ya Oldowan, zinazoitwa hivyo kwa jina la bonde la Olduvai nchini Tanzania, na umri wake ni takriban miaka milioni mbili. Mwaka 2008 na 2009, David Braun, Plummer na wenzao walichapisha tafiti mbili zilizoiweka sayansi ya malighafi katikati ya akiolojia.

Ya kwanza iliuliza mawe yalikotoka. Rasi ya Homa ina mlima wa volkano wa namna isiyo ya kawaida, uliojengwa kwa kiasi kikubwa na miamba ya kabonataiti. Miamba inayouzunguka mlima huo kwa kawaida haitoi makali yanayodumu. Mbali zaidi, upande wa mashariki, kuna miamba mingine kabisa: kwatsaiti, raiolaiti, basalti na itale ya Oyugis. Kila mwamba una uwiano wake wa elementi, kama alama ya kidole. Watafiti walikusanya sampuli kutoka kwenye miamba na kwenye kokoto za mito, wakazipima kwa eksirei, kisha wakalinganisha na zana zilizochimbwa. Sehemu isiyo ndogo ya zana ilitokana na mawe ya umbali wa zaidi ya kilomita 10.

Utafiti wa pili uliuliza kwa nini. Kwa kutumia vipimo vya kiuhandisi, watafiti walipima jinsi kila aina ya jiwe inavyopasuka na jinsi makali yake yanavyostahimili kazi. Ilibainika kuwa mawe magumu, yenye makali yasiyolika upesi, ndiyo yaliyopendelewa. Zamadamu, kwa maneno mengine, walikuwa wakichagua malighafi kwa ubora.

Nyayanga imelirudisha jambo hilo nyuma zaidi. Mwezi Februari 2023, jarida la Science lilichapisha habari za zana 330, mifupa 1,776 ya wanyama ikiwamo ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya zamadamu aina ya Paranthropus. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya takriban miaka milioni 3 na milioni 2.6. Watafiti hawakutegemea njia moja ya kupata umri huo. Walitumia usumaku uliohifadhiwa katika tabaka, kiasi cha heliamu katika chembe za madini, na aina za wanyama waliokuwapo. Njia tatu zisizotegemeana zikielekea upande mmoja, makosa ya njia moja hayawezi kuupotosha umri wote.

Kisha ukaja utafiti wa 2025 wa Emma Finestone na wenzake, ambao kwa namna fulani ulirudia swali la Kanjera mahali pengine na kwa zana za kale zaidi. Jibu lilikuwa la jamaa moja: mawe mazuri yalitoka mbali.

Pale kipimo kinapoweza kupotoka

Kufanana kwa majibu ya Kanjera na Nyayanga kunatia moyo. Lakini msomaji makini ataona kwamba tafiti zote mbili zinasimama juu ya hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kuteleza.

Hatua ya kwanza ni ukusanyaji wa sampuli uwandani. Umbali unaotajwa ni umbali hadi chanzo cha karibu kinachojulikana. Kama upo mwamba au kijito cha karibu ambacho hakikuchukuliwa sampuli, umbali utakuwa umezidishwa. Zaidi ya hayo, mito hubeba mawe. Jiwe lililozaliwa mlimani upande wa Kisii laweza kuteremshwa na maji hadi karibu na ziwa bila msaada wa mkono wowote. Ndiyo sababu kokoto za mito huhitaji kupimwa pamoja na miamba yenyewe, na orodha ya mahali zilipochukuliwa ina umuhimu sawa na matokeo.

Hatua ya pili ni jiwe lenyewe. Uso wa jiwe lililokaa ardhini kwa miaka milioni mbili huchujuka. Baadhi ya elementi hutoka na nyingine huingia. Eksirei haipenyi ndani sana, hasa kwa elementi nyepesi. Ukipima uso uliochakaa unaweza kuwa unapima hali ya hewa ya kale badala ya mwamba. Jiwe lenye chembe kubwa, kama itale, lina tatizo jingine: ukilipima mahali pamoja utapata madini moja, ukisogea kidogo utapata mengine.

Hatua ya tatu ni mashine. Vifaa vya eksirei vinavyoshikwa kwa mkono vimerahisisha kazi, kwa kuwa mtafiti anaweza kupima zana kwenye makumbusho bila kuivunja. Lakini mashine mbili za kampuni moja zinaweza kutoa tarakimu tofauti kwa jiwe moja ikiwa hazikusawazishwa kwa sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana. Vikundi viwili vya tarakimu vikilinganishwa bila kusawazishwa, tofauti ya mashine yaweza kudhaniwa kuwa tofauti ya miamba.

Hatua ya nne inahusu vipimo vya kupasua. Jiwe lililovunjwa limevunjwa. Haliwezi kuvunjwa upya. Mhandisi wa Uswidi, Waloddi Weibull, alionyesha katika maandishi yake ya 1939 kuwa nguvu ya kitu kinachokatika ghafla, kama kioo au jiwe, hutegemea nyufa ndogo zilizomo ndani yake. Vipande viwili vinavyofanana kwa macho huvunjika kwa nguvu tofauti. Hivyo jaribio la jiwe moja halisemi lolote kuhusu aina nzima ya mawe. Vinahitajika vipande vingi, na mtafiti hana budi kutangaza vyote alivyovivunja, vikiwamo vile vilivyomharibia wastani.

Wengine walivyojifunza

Dunia ilipata somo la mapema kuhusu mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wanajiokemia wa Marekani walisaga mwamba wa itale kutoka Westerly, Rhode Island, na mwamba mwingine kutoka Centreville, Virginia. Unga wa kwanza uliitwa G-1, wa pili W-1. Waliugawa kwa maabara mbalimbali wakaziomba zipime bila kushauriana.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1951 na Shirika la Jiolojia la Marekani, yaliwashtua wengi. Maabara zenye sifa nzuri zilitofautiana kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitarajia, ingawa unga ulikuwa mmoja. Lakini hakuna aliyefukuzwa kazi. Unga huo uligeuka kuwa rejea, na tangu hapo maabara inayopima miamba hutarajiwa kupima pia sampuli rejea za aina hiyo na kuonyesha ilipata nini.

Katika malighafi za kisasa hali ni ile ile. Mwaka 2017, watafiti watatu, Park, Howe na Sholl, walikusanya vipimo vilivyochapishwa kuhusu uwezo wa fuwele zenye vitundu kunyonya gesi ya kabonidayoksaidi. Karibu kipimo kimoja kati ya vitano kilikuwa nje kabisa ya mstari wa vingine. Aidha, ni aina chache tu za fuwele zilizokuwa zimepimwa mara za kutosha kuweza kulinganishwa.

Mwaka 2023 dunia ilishuhudia upande mzuri wa jambo hili. Kundi la watafiti wa Korea Kusini lilitangaza maada iliyoitwa LK-99, likidai kuwa inapitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida la chumbani. Kwa kuwa namna ya kuitengeneza ilielezwa waziwazi, maabara za nchi nyingi ziliitengeneza ndani ya wiki chache. Hazikupata kilichodaiwa. Uchafu wa salfaidi ya shaba ulibainika kueleza sehemu ya dalili zilizoonekana. Dai liliinuka mwezi Julai na kufikia katikati ya Agosti lilikuwa limeporomoka.

Linganisha na Kanjera: pale ambapo njia ilielezwa waziwazi, jibu lilipatikana kwa wiki kadhaa. Pale ambapo mahali palipotea, jibu lilingoja miaka 60.

Migori: dhahabu na kuta za mawe

Huenda ikaonekana kuwa haya ni mambo ya wasomi. Wakazi wa Migori wanajua vinginevyo.

Miamba ya kale iliyopewa na wanajiolojia jina la Nyanza inaendelea kusini hadi Migori, ambako imebeba dhahabu ndani ya mishipa ya kwatsi. Macalder, katika eneo la Nyatike, palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu katika enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wanaendelea kuitafuta dhahabu katika kaunti hiyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua rasmi.

Dhahabu ni mtihani mkali wa kurudia vipimo, kwa sababu haisambai sawasawa ndani ya mwamba. Chembe moja ikiingia katika gunia dogo la sampuli, mwamba utaonekana tajiri. Ikikosekana, utaonekana maskini. Watu wawili waaminifu wanaweza kuchukua sampuli kwenye shimo moja, wakazipeleka maabara mbili nzuri, wakarudi na majibu yanayopingana. Mfaransa Pierre Gy alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza tatizo hilo kihesabu. Muhtasari wa kazi yake ni kwamba sampuli iwe kubwa kulingana na ukubwa wa chembe, isagwe kabla ya kugawanywa, na mgawanyo wake usiachiwe mkono wala macho ya mtu.

Kwa mchimbaji mdogo, tofauti hiyo si nadharia. Kipimo kimoja chaweza kumfanya akope fedha kuchimba shimo lisilo na kitu, au auze kwa bei ya chini mwamba wenye thamani.

Migori ina pia Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila chokaa wala saruji, pengine tangu karne ya 16, na zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Urefu wake ni kati ya meta 1.5 na 4.5. Ukuta wa namna hiyo husimama kwa jinsi mawe yanavyoshikana. Sehemu ikiporomoka, fundi hawezi kuirudisha ilivyokuwa isipokuwa kama kuna picha, vipimo na maelezo yaliyochukuliwa kabla. Anachokihitaji fundi huyo ndicho alichokikosa Boswell mwaka 1935.

Hatua za kuboresha

Kutokana na visa hivyo, hatua zinazoweza kuimarisha utafiti wa malighafi si za siri wala si za gharama isiyofikika.

Kwanza, mahali sampuli ilipotoka paandikwe kwa namna isiyotegemea kigingi. Vipimo vya setilaiti, ramani ya tabaka na picha zenye maelezo viwekwe katika nakala zaidi ya moja. Wakazi nao washirikishwe: aliyeelezwa maana ya alama iliyopo shambani kwake ana sababu ya kuilinda.

Pili, sampuli isimalizwe yote. Nusu ihifadhiwe ili mwingine aweze kuipima. Mkusanyiko uliohifadhiwa vizuri katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya unamwezesha mtafiti ambaye hajazaliwa kuuliza swali ambalo halijafikiriwa.

Tatu, kila kundi la vipimo liambatane na sampuli rejea, na tarakimu zilizopatikana kwa sampuli hiyo zichapishwe. Maabara za Kenya zina njia ya kuthibitisha uwezo wake kupitia KENAS, idara inayotoa ithibati kwa kufuata kiwango cha ISO/IEC 17025, na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lililoundwa mwaka 1974, linashughulikia viwango na vipimo. Kimataifa, mradi wa VAMAS, uliotokana na mkutano wa mataifa tajiri wa Versailles mwaka 1982, umekuwa ukiziunganisha maabara kupima malighafi moja kwa pamoja.

Nne, data zote zitolewe, pamoja na programu za kompyuta zilizotumika na majaribio yaliyoshindwa. Jedwali la wastani peke yake halimsaidii anayetaka kurudia hesabu.

Tano, pale inapowezekana, mpimaji asijue sampuli iliyo mbele yake ni ipi. Anayetarajia jiwe liwe la mbali huenda akaliona la mbali.

Sita, na hapa ndipo penye ugumu, kazi ya kurudia ilipwe na iheshimiwe. Majarida na wafadhili hupenda jambo jipya. Mwanafunzi wa uzamili anayetumia mwaka mzima kuhakiki kipimo cha mwingine hupata sifa ndogo, hata akigundua kosa kubwa. Kwa vyuo vya Afrika Mashariki, ambavyo mara nyingi hulazimika kupeleka sampuli ng'ambo, kazi hiyo ingekuwa pia njia ya kujenga ujuzi na vifaa vya nyumbani. Kinyua na wenzake walionyesha mwaka 1994 kuwa swali lililozaliwa Homa Bay linaweza kujibiwa kwa ushirikiano wenye mkono wa Mkenya.

Maswali ya kumuuliza mtafiti

Msomaji asiye na maabara hana budi kuamini kwa kiasi fulani. Lakini anaposikia kuwa udongo fulani unafaa kwa matofali, kuwa shimo fulani lina dhahabu, au kuwa jiwe fulani lilibebwa kilomita 13, anaweza kuuliza mambo manne. Sampuli ilichukuliwa wapi, na kuna anayeweza kupaonyesha? Zilipimwa sampuli ngapi, na ngapi ziliachwa nje ya hesabu? Mashine ilisawazishwa kwa kitu gani? Na je, yupo mtu mwingine aliyepima akapata jibu hilo?

Boswell aliuliza la kwanza tu kati ya maswali hayo, na hakujibiwa. Kwa mawe ya Nyayanga, sehemu kubwa ya majibu ya maswali matatu ya mwanzo inaweza kupatikana katika maandishi yaliyochapishwa. La nne linawasubiri watakaokwenda tena kwenye mito na miamba ya mashariki mwa rasi ya Homa, wakiwa na orodha ya wenzao mkononi, kutafuta kama upo mwamba wa karibu zaidi uliorukwa.